Aliyeipenda hadithi hii, tumpe ipi?

Muhula uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu daftari katikati ya kipindi cha Kiswahili. Tulikuwa tukichambua riwaya teule, naye alikuwa ameliinamia daftari hilo chini ya dawati huku mwenzake akichungulia begani. Nilitenda kama walivyotenda walimu walionifunza mimi: nililitwaa, nikalitia kwapani, nikamwambia kuwa atalipata siku ya kufunga shule, na yamkini asilipate asilani. Darasa zima likacheka. Kijana mwenyewe hakucheka.

Shule yetu iko Kitengela, mji ambao wazee wa hapa bado huuita Noonkopir. Jioni hiyo, nikiwa katika majilisi ya walimu, nililifungua daftari lile nikitarajia kukuta michoro ya watu wenye macho makubwa na nywele za miiba, au barua ya mapenzi. Nilikuta orodha. Kurasa kumi na tatu zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko mdogo, kila mstari ukitaja filamu ya vibonzo vya Kijapani au hadithi ya picha, kisha mshale, kisha jina la nyingine, kisha sababu. "Ukiipenda hii, tazama hii, kwa maana..." Kurasa zilikuwa na vichwa: za panga, za mpira, za mazimwi, za upelelezi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kilichonisimamisha: "Za kutazama mtu akifiwa."

Chini yake palikuwa na majina matatu tu. Kando ya moja, March Comes in Like a Lion, kijana alikuwa ameandika: "Hii haikuambii unyamaze." Jingine, Grave of the Fireflies, lilikuwa limepigwa mstari, na kando yake pameandikwa: "Baadaye. Si sasa." Nilimwuliza mwalimu wake wa darasa. Aliniambia kuwa mama wa kijana huyo alifariki likizo ya Aprili. Nilikuwa nikimfundisha mara tano kwa juma, na sikuwa na habari.

Naandika makala haya kwa walimu wenzangu, na kwa wanafunzi ambao yamkini watayasoma magazeti ya walimu wao yakibaki mezani. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza. Kumpendekezea mtu hadithi ya kutazama au kusoma ni kazi ya uhakiki, tena uhakiki wenye dhima, na wanafunzi wetu wanaifanya kila siku kuhusu sanaa ambayo sisi tunaidharau. Badala ya kuwanyang'anya madaftari, yatupasa kujifunza kupendekeza pamoja nao, na kuitumia kazi hiyo kuwafikisha kwenye rafu ya vitabu vyetu.

Kwanza, neno manga lisimkanganye msomaji. Kwetu, hasa pwani, Manga ni Uarabuni. Ndiko lilikotoka jina la pilipili manga, na la Wamanga waliovuka bahari kwa majahazi kutoka Maskati. Manga ya Wajapani haina udugu na hiyo. Ni hadithi ndefu isimuliwayo kwa picha zilizopangwa katika visanduku, nayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyosomwa tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Anime ni filamu ya vibonzo, aghalabu iliyotokana na manga. Mtu anayetajwa sana kuwa baba wa sanaa hii ni Osamu Tezuka, ambaye kisa chake cha Astro Boy kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kuingia katika televisheni ya Japani mwaka 1963. Wala si sanaa ya watoto peke yao. Mwaka 2003 filamu ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki ilitunukiwa Oscar kwa kuwa filamu bora ya vibonzo.

Vijana wetu huitazama katika simu, wakichanga pesa za bando au kuazimana nakala. Sauti huwa za Kijapani, na tafsiri ya Kiingereza hupita chini ya picha kwa kasi. Basi yule tunayemshutumu kuwa hapendi kusoma, kwa usiku mmoja wa Ijumaa amesoma mamia ya mistari, tena mbio mbio, na kuielewa. Anasoma, ila hasomi tulichomchagulia.

Sasa tuje kwenye namna ya kupendekeza. Mazoea ya wengi ni kulinganisha umbo. Kijana akisema amependa hadithi ya mapanga, huambiwa atazame nyingine ya mapanga. Akisema amependa ya mpira wa wavu, hupewa ya mpira wa kikapu. Ni kama mtu aliyesoma barua ya rafiki yake akaifurahia, ukampa barua nyingine yoyote kwa kuwa nayo imetiwa katika bahasha. Hata daftari la kijana wangu, katika kurasa kumi na mbili za mwanzo, lilifuata njia hiyo. Katika ukurasa wa kumi na tatu, msiba ukiwa umempata, alijifunza mwenyewe kwamba umbo halitoshi.

Sisi walimu wa fasihi tuna istilahi za kumsaidia. Huwafundisha wanafunzi kuhusu dhamira, yaani lile jambo ambalo hadithi inalihangaikia, na kuhusu toni, yaani ile hali ya moyo inayosikika katika usimulizi. Tunawafundisha hayo ili wajibu maswali ya karatasi ya tatu. Ni nadra tukawaambia kwamba istilahi hizo zina kazi nje ya chumba cha mtihani: ndizo zinazomwezesha mtu kujua kitabu gani kimfae nani, na lini.

Nitatoa mfano unaoonyesha kwa nini yote mawili yanahitajika. Tarehe 16 Aprili 1988, studio moja ya Kijapani, Ghibli, ilitoa filamu mbili kwa siku moja, na watazamaji walizitazama kwa pamoja katika kumbi zile zile. Ya kwanza, My Neighbor Totoro ya Miyazaki, inawahusu dada wawili wadogo ambao mama yao amelazwa hospitalini, nao wanahamia kijijini na kumpata rafiki wa ajabu msituni. Ya pili, Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inawahusu kaka na dada waliompoteza mama yao katika mashambulizi ya mabomu mwaka 1945, wakateketea kwa njaa. Dhamira zinakaribiana mno: watoto wanaoshikana mikono mama asipokuwapo. Toni ziko mbali kama mbingu na ardhi. Moja inamwambia mtoto kwamba hofu yake ina mahali pa kupumzikia. Nyingine inatuonyesha sisi watu wazima tulivyowatupa watoto. Anayependekeza kwa dhamira peke yake atampa yatima filamu ya pili kwa nia njema, na kumwongezea jeraha juu ya jeraha. Kijana wa kidato cha tatu aliyeandika "Baadaye. Si sasa" alikuwa ameutatua mgogoro huo kwa maneno matatu, na alikuwa ameutatua kwa ajili ya nafsi yake.

Na ile aliyoisifu, March Comes in Like a Lion, imetokana na manga ya Chica Umino iliyoanza kuchapishwa mwaka 2007. Ndani yake kijana mmoja aliyefiwa na jamaa yake yote, ambaye riziki yake ni kucheza mchezo wa bao la Kijapani uitwao shogi, anapokewa na dada watatu ambao nao wamefiwa na mama. Humo watu hula pamoja, hulia, kisha hula tena. Hakuna anayemharakisha mwenzake kupona. Kusema kwamba hadithi hiyo "haikuambii unyamaze" ni kuitaja toni yake kwa usahihi kuliko majibu mengi niliyoyasahihisha mwaka huu.

Hatua ya pili ni kuvuka daraja hadi kwenye fasihi yetu. Hapa ndipo mwalimu ana mali ambayo mwanafunzi hana, maana kijana amezitazama anime mia moja lakini hajapata kusikia kwamba hadithi za aina hiyo zimekwisha kuandikwa kwa lugha yake.

Chukua Detective Conan ya Gosho Aoyama, manga iliyoanza mwaka 1994 na ambayo ingali ikiendelea. Shujaa wake ni kijana mpelelezi aliyenyweshwa sumu akarudi kuwa mtoto, naye anajificha kwa jina la Conan Edogawa. Jina la kwanza amelitoa kwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa visa vya Sherlock Holmes. La pili kwa Edogawa Ranpo, mwandishi wa Kijapani wa hadithi za upelelezi. Sasa mkumbuke Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, pamoja na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, zaidi ya miaka thelathini kabla ya Conan, na Bwana Msa naye alitungwa kwa kumtazama Sherlock Holmes. Basi mpelelezi wa Tokyo na mpelelezi wa Unguja ni watu wa ukoo mmoja. Mwanafunzi anayempenda mmoja ana haki ya kujulishwa kwa mwingine, na toni ni ile ile: utulivu wa mtu anayeona kile ambacho wengine wanakitazama tu.

Chukua pia Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyochapishwa kuanzia 2009 hadi 2021. Wanafunzi wakubwa wanaijua kwa moyo. Watu wanaishi nyuma ya kuta ndefu wakiyaogopa majitu yanayokula watu, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo mpaka uliopo kati ya "sisi" na "wale" unavyozidi kufifia. Sitafichua zaidi. Nitasema tu kwamba mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosiolojia wa Kenya aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, alitoa riwaya ambayo shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, na kujikuta katika sayari nyingine yenye utaratibu mwingine wa maisha. Riwaya hiyo inaitwa Walenisi. Hebu litamkeni jina hilo polepole: wale ni sisi. Nilipoliandika ubaoni, kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hulala, aliinuka na kuuliza kitabu hicho kinapatikana wapi. Sikuwa na nakala ya kumpa. Hilo nalo ni fedheha yetu, na nitalirudia.

Hali kadhalika, anayevutiwa na miungu ya mauti katika Death Note na swali la nani ana haki ya kuhukumu roho za watu, na aonyeshwe Ziraili na Zirani ya William Mkufya, riwaya ya mwaka 1999 inayompeleka msomaji ahera kuuliza maswali mazito ya imani na haki. Anayependa safari zenye mafumbo, ambamo dunia yenyewe inageuka kuwa kitendawili, na ajaribu Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, kisha, akiwa na subira, Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990. Sidai kuwa vitabu hivi ni rahisi. Nasema kwamba mtoto aliyefuatilia hadithi ya majuzuu thelathini na manne bila kupoteza uzi hashindwi na riwaya ya Kiswahili kwa ugumu. Anashindwa kwa kuwa hakuna aliyemwambia ndani yake kuna nini.

Hatua ya tatu ni kutazama mahali tulipo. Kila mahali pana hadithi zinazopahusu hata kama zilitungwa mbali, na hapa Kajiado nina mbili za kuzitaja.

Wanafunzi wengi wamependa Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, kisa cha ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao na wakalipa kwa viungo vya miili yao. Sheria inayotawala humo ni kwamba anayetaka kupata sharti atoe chenye thamani iyo hiyo. Mpendekezaji wa umbo atawapa vita vingine na uchawi mwingine. Mpendekezaji wa dhamira atajua kwamba Arakawa alilelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na kwamba baadaye, kuanzia 2011 hadi 2019, aliandika Silver Spoon, kuhusu mvulana wa mjini anayejiunga na shule ya sekondari ya kilimo. Hamna mapanga humo wala miujiza. Mvulana anampa jina mtoto wa nguruwe aliye dhaifu, anamlea, na siku ya kuchinjwa inapofika anainunua nyama yake kwa pesa za jasho lake na kuwagawia wenzake. Rafiki yake, ambaye ndoto yake ni mchezo wa besiboli, analazimika kuacha shule kwa kuwa shamba la kwao limezama katika madeni na ng'ombe wameuzwa. Sheria ni ile ile ya kupata na kutoa, ila safari hii inalipwa zizini.

Mpeni kisa hicho mtoto wa Isinya au wa Bissil ambaye amewahi kumpeleka sokoni mbuzi aliyempa jina, au aliyehesabu mizoga ya ng'ombe wa baba yake katika ukame wa 2009 au wa 2022, na karo ikakosekana kwa sababu hiyo. Hatahitaji kufafanuliwa chochote. Ataona kwamba yaliyomfika yanastahili kuwa hadithi, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule, vyenye mifano ya mijini na ya mashambani kwa wakulima, havijamwambia mara nyingi.

Ya pili ni Pom Poko, filamu ya Takahata ya mwaka 1994. Tanuki ni mnyama wa jamii ya mbwa, mwenye manyoya mazito na alama nyeusi machoni, ambaye katika ngano za Kijapani ana uwezo wa kujigeuza, kama alivyo mjanja sungura katika zetu. Filamu inasimulia jinsi tanuki wa vilima vya Tama, pembezoni mwa Tokyo, walivyopigania makao yao mji mpya ulipoanza kujengwa huko katika miaka ya 1960. Wanafanya vikao, wanagombana, wanawatisha wajenzi kwa mizuka, wanaandaa maandamano makubwa ya majini, na mwenye bustani ya burudani anajidai kwamba ni tangazo lake. Mwishoni wanashindwa. Baadhi yao wanajigeuza watu na kupanda magari ya abiria kwenda kazini.

Nani asiyeiona Kitengela humo? Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini ukaachwa wazi ili nyumbu na punda milia wavuke mto Mbagathi msimu wa mvua na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Kaputiei, kisha warudi kiangazi. Katika miaka ya 1970 nyumbu hao walikuwa makumi ya maelfu. Ranchi ya jamii ya Kitengela ikagawanywa katika miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake, viwanja vikauzwa, nyua zikapanda, na leo msafara ule wa nyumbu umekuwa masimulizi. Mnamo Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela usiku mmoja baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani, akatangatanga hadi karibu na Isinya, akazingirwa na umati, akamjeruhi mtu, na akapigwa risasi. Wanafunzi wangu wengi wanaishi katika nyumba zilizojengwa juu ya njia ya nyumbu. Hata mimi.

Toni ya Pom Poko ndiyo inayoifanya ifae. Haihubiri. Inachekesha kama mtani anavyochekesha watu matangani: watu wanacheka, na wanajua fika kwamba maiti yumo ndani. Mwanafunzi akiipenda kwa ajili ya dhamira ya ardhi, lakini moyo wake una hasira kuliko kicheko, aelekezwe kwa Princess Mononoke ya mwaka 1997, ambamo msitu na mji wa wafua chuma vinapigana. Humo kiongozi wa mji anayeuangamiza msitu ndiye huyo huyo anayewahifadhi wakoma na wanawake waliouzwa katika madanguro. Somo hilo linatuhusu. Mtu aliyezungushia kiwanja chake ua hapa Kitengela si shetani. Alikopa pesa chamani ili watoto wake wapate pa kulala. Na aliyemuua simba alikuwa amepoteza mali yake. Kisha wote wawili, mwenye kicheko na mwenye hasira, na waongozwe hadi kwa Vanishing Herds ya Henry ole Kulet, mzaliwa wa Narok, riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2011 na kushinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2013. Ni kisa cha wafugaji wanaosafiri na mifugo yao katika nchi inayoharibika. Laiti ingetafsiriwa kwa Kiswahili!

Najua pingamizi zitakazoletwa. Mzazi atasema kwamba baadhi ya vibonzo hivi vina umwagaji damu na picha zisizo za heshima. Ni kweli, na ndiyo sababu ninataka mtu mzima awemo katika mazungumzo. Attack on Titan si ya mtoto wa darasa la sita. Lakini mwalimu asiyeijua hawezi kusema ni ya nani na si ya nani. Anaweza kupiga marufuku tu, na marufuku huhamisha mambo kutoka darasani hadi chini ya blanketi. Mwingine atasema ni utamaduni wa kigeni. Naam, ni wa kigeni, kama alivyokuwa Sherlock Holmes kwa Muhammed Said Abdulla, naye hakumwogopa. Alimchukua, akamvika kanzu, akampa Kiswahili kisichosahaulika.

Mwingine atasema kwamba vibonzo si fasihi. Huyo namkumbusha historia yetu mwenyewe. Kizazi kizima cha Wakenya kilijizoeza kusoma Kiswahili kwa kumfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika kurasa za Taifa Leo. Mnamo 1996 shirika la Sasa Sema lilianza kutoa vitabu vya hadithi za picha kwa Kiswahili, Abunuwasi wa Gado akiwa miongoni mwao. Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010 na kusambazwa bure, iliwafikia vijana kwa Sheng na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Hatukuingiliwa na sanaa ngeni. Tuliiacha yetu ikanyauka, kisha tukashangaa watoto wanachota maji kwa jirani.

Ninapendekeza basi mambo machache ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyaanza Jumatatu bila kungoja waraka kutoka wizarani. Kuwe na daftari moja kubwa nyuma ya darasa, na kila mwanafunzi aruhusiwe kuandika humo pendekezo kwa Kiswahili sanifu: ametazama au kusoma nini, kinahusu nini, kilimwacha katika hali gani ya moyo, na aliyekipenda afuate kipi. Iwe sharti kwamba katika kila mapendekezo matatu, moja liwe la mwandishi wa Afrika Mashariki. Pendekezo liseme pia ni la nani na si la nani, na kwa wakati gani. Mwalimu naye aandike yake, na akubali kukosolewa. Zoezi hilo lina insha, lina uhakiki, lina msamiati wa dhamira na toni, na halihitaji shilingi hata moja.

Panapohitajika shilingi ni kwenye vitabu vyenyewe. Ni aibu kumwamsha mtoto kiu kisha ukamwonyesha kata tupu. Maktaba nyingi za shule zetu zimejaa miongozo ya riwaya teule na hazina nakala moja ya Walenisi au ya Mzimu wa Watu wa Kale. Wachapishaji wavirudishe vitabu hivyo mitamboni, kaunti ivinunue, na shule zikiweza kununua miongozo arobaini, na zinunue riwaya nne.

Nilimrudishia kijana daftari lake juma lile lile, sikungoja siku ya kufunga. Nilimwomba radhi, na nilimpa pole ambayo nilipaswa kumpa tangu Mei. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kile, nilikuwa nimeongeza jina moja kwa kalamu nyekundu: Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996 ambayo shujaa wake, Kongowea, anafiwa na mama na kubaki peke yake. Nilimwazima nakala yangu.

Baada ya majuma mawili alikuja nayo katika majilisi, akasimama mlangoni hadi nilipomwita.

"Mwalimu, kitabu ni kizuri. Lakini hukukiweka mahali pake."

"Kwa nini?"

"Si cha kufiwa, mwalimu. Kongowea hana muda wa kukaa na msiba. Anatoka Tanga kuja huku kwetu kumtafuta baba. Nimekihamishia kwenye ukurasa wa Naruto. Yule naye ni yatima anayetaka watu wamtambue."

Nililichukua daftari nikatazama. Alikuwa ameifuta kalamu yangu nyekundu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaliandika jina la riwaya chini ya kichwa kipya: "Za kutafuta wako." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimelinganisha tukio, yeye alikuwa amesikiliza toni. Nilimuuliza kama kuna kitu ningeweza kukisoma mimi, na akaniambia nianze na Silver Spoon, kwa kuwa "mwalimu, wewe unapenda vitu vinavyokwenda polepole."

Nimefika juzuu la sita.